Somo: Kudai jina la kikoa lililosajiliwa kwa alama yako ya biashara

Hapa tunazungumzia majina ya kikoa (anwani za tovuti) yanayoishia .com, .net na .org, yanayofuata UDRP, utaratibu wa kutatua migogoro ya majina uliopitishwa mwaka 1999 na ICANN, shirika linalosimamia majina ya kikoa duniani. Kila anayesajili jina anaukubali ndani ya mkataba wake na msajili (kampuni inayosajili majina), hivyo hata akiwa nchi nyingine hachomoki. Majina ya .tz na .ke yana kanuni zake.

1. Linganisha tarehe kabla ya kutoa pesa. Jina likitangulia alama yako, nia mbaya karibu haithibitiki: alama haikuwepo, aliyelisajili angeivizia vipi? Wengi wanakwama hapa. Cheti cha jina la biashara cha BRELA (wakala wa usajili wa biashara Tanzania) si cheti cha alama ya biashara, na ombi la alama ambalo bado linasubiri halitoshi peke yake. Huna cheti? Leta ankara, matangazo na rekodi za mauzo zinazoonyesha wateja wanakutambua kwa jina hilo.

2. Thibitisha hoja tatu. Jina linafanana na alama yako kiasi cha kuwachanganya watu. Mlalamikiwa, yaani mwenye jina hilo, hana haki wala maslahi halali. Lilisajiliwa, na linatumika, kwa nia mbaya. Ikipungua moja, umeshindwa. Piga picha za skrini zenye tarehe na anwani kamili *kabla* ya kumwandikia barua ya onyo. Akishtuka, anafuta kila kitu usiku huohuo.

3. Wasilisha. Wengi hupeleka malalamiko WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki lililoko Geneva, kwa barua pepe. Maelezo yasizidi maneno 5,000. Ada kwa jina 1 hadi 5 ni dola 1,500 kwa mwamuzi mmoja, 4,000 kwa watatu. Lugha kwa kawaida ni ile ya mkataba wa usajili. Jina hufungwa lisihamishwe, na malalamiko yakiwa na kasoro una siku 5 za kurekebisha.

4. Subiri. Mlalamikiwa ana siku 20 za kujibu. Akinyamaza, usishangilie, mwamuzi bado anazipima hoja zako. Mwamuzi akishateuliwa ana siku 14 za kutoa uamuzi. Ukishinda, msajili husubiri siku 10 za kazi, na mlalamikiwa asipokwenda mahakamani, jina linahamia kwako au linafutwa. Fidia ya pesa hakuna.

MASWALI

*Mkuu, jina limekaa tu, halina tovuti. Inakuwaje?*
Bado unaweza kudai. Kesi ya Telstra ya mwaka 2000 ilikubali kwamba kulikalia jina kunaweza kuwa nia mbaya, lakini alama ile ilikuwa mashuhuri na mwenye jina alijificha. Alama changa isitegemee hilo.

*Jina ni la zamani ila liliuzwa mwaka jana. Tarehe ipi inahesabika?*
Ya aliyenunua. Mauziano ni kama usajili mpya kwake.

*Mwenyewe kajificha nyuma ya huduma ya faragha.*
Mtaje kama anavyoonekana. Msajili akimtaja halisi, utapewa nafasi ya kurekebisha malalamiko.

*Nauza vipuri halisi vya kampuni fulani, nimeweka alama yao kwenye jina langu. Watanipokonya?*
Si lazima. Waamuzi wanafuata kesi ya Oki Data ya 2001: uwe kweli unauza bidhaa hizo, uuze hizo tu, tovuti iseme wazi uhusiano wako na kampuni, na usihodhi majina yote yenye alama hiyo. Ukichanganya na vipuri vya washindani wao, jiandae kulipoteza.