Namna ya Kukabiliana na Simu za Kero kwenye Simu ya Mezani

Anayetaka kupumzika na simu za kero nyumbani kwake hana budi kuanza kwa kutambua ni nani hasa anayempigia, kwa sababu wapigaji hao ni wa aina tatu na kila aina ina dawa yake. Kuna kampuni halali zinazouza bidhaa kwa simu na zinazofuata sheria pale zinapobanwa. Kuna mitambo inayopiga maelfu ya namba kwa mfululizo na kucheza sauti iliyorekodiwa. Kisha kuna matapeli, ambao hawauzi chochote bali wanatafuta fedha zako au namba zako za siri. Malalamiko mengi kwamba "nimejaribu kila kitu na simu bado zinakuja" hutokana na kutumia dawa ya kundi moja kwa kundi jingine.

Kwa wauzaji halali, njia rahisi ni kujiandikisha kwenye orodha rasmi ya wasiotaka kupigiwa, ikiwa nchi yako inayo. Uingereza ilianzisha yake mwaka 1999, Marekani mwaka 2003, Australia mwaka 2007 na Kanada mwaka 2008, na katika nchi hizo mwananchi hatozwi chochote kuandikisha namba ya nyumbani. Usitarajie ukimya siku inayofuata, kwani Uingereza huhesabu siku 28 kabla usajili haujaanza kufanya kazi kikamilifu, na Marekani wauzaji hupewa hadi siku 31 kuilinganisha orodha yao na ile ya taifa. Soma pia ni nani asiyebanwa na orodha hiyo. Nchini Marekani, kwa mfano, wanasiasa, mashirika ya hisani na wanaofanya utafiti wa maoni bado wanaruhusiwa kupiga, na kampuni uliyonunua kwake kitu inaweza kukupigia kwa miezi 18 baada ya ununuzi wa mwisho, isipokuwa uiambie iache. Mtu akikupigia akidai anatoka kwenye ofisi ya orodha hiyo na anataka kukusajili, mkatie simu, kwa kuwa mamlaka ya Marekani inayosimamia orodha hiyo imekwisha kutamka wazi kwamba haipigi simu za namna hiyo.

Pasipo na orodha ya taifa, au kampuni inapokuwa na kibali chako cha zamani, iambie yenyewe kwa maneno machache yasiyoacha mwanya: "Naomba muiondoe namba hii kwenye orodha yenu ya wateja wa kupigiwa." Andika tarehe, jina la kampuni na jina la aliyekuhudumia. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi iliyoanza kutumika mwaka 2018 inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara, na kampuni haina nafasi ya kubishana naye juu ya hilo. Wakati huohuo ziba mahali namba inapovujia: fomu za bahati nasibu, kadi za punguzo, tovuti zinazodai namba ya simu bila sababu, na vile visanduku vidogo vilivyokwisha kuwekewa alama ya kukubali kabla hujafika. Kama namba yako imo katika kitabu cha simu, unaweza kuiomba kampuni ya simu iiondoe.

Mitambo haisomi orodha yoyote. Huenda umewahi kuinua mkono wa simu ukasema "haloo" na usisikie kitu kwa sekunde mbili au tatu, kisha kukawa na mlio mdogo, halafu ghafla sauti ya mtu ikatokea huku nyuma yake kukiwa na mnong'ono wa watu wengi wakizungumza. Ukimya ule una maelezo yake. Kompyuta hupiga namba nyingi kuliko idadi ya wafanyakazi waliopo, ikikisia kwamba nyingi hazitapokelewa, na inapopata aliyepokea humtafutia mfanyakazi aliye huru; akikosekana, laini hukatwa nawe ukabaki ukijiuliza ni nani aliyekuwa akikupigia. Kwa hiyo ukimya baada ya "haloo" ni ishara ya kutosha ya kuweka simu chini. Usirudie "haloo, haloo", na ukisikia sauti iliyorekodiwa ikikwambia ubonyeze namba fulani ili uondolewe kwenye orodha, usibonyeze chochote, kwa sababu mara nyingi unachokithibitisha ni kwamba upande huu yupo mtu anayesikiliza. Vivyo hivyo, usipige tena namba ngeni ya nje ya nchi iliyolia mara moja na kukatika. Namba za aina hiyo huweza kutozwa bei ya juu sana, na sehemu ya malipo humwendea aliyekutega.

Wengi hukimbilia kuzuia namba moja baada ya nyingine. Sikatai, ila ni kazi isiyoisha, kwa sababu namba inayoonekana kwenye kioo cha simu inaweza kughushiwa kwa urahisi, na wapigaji hupenda kuchagua namba inayofanana na za eneo lako ili uidhanie ni ya jirani. Tangu Juni 2021 kampuni kubwa za simu za Marekani zinalazimika kuweka mfumo wa kuthibitisha namba ya mpigaji, lakini mfumo huo ulibuniwa kwa simu zinazosafiri kwa njia ya intaneti, na laini za zamani za waya wa shaba hazina uwezo wa kuubeba. Ndiyo maana ni vyema kuchuja wapigaji kwa kuwaruhusu unaowajua badala ya kuwafukuza usiowajua mmojammoja.

Uchujaji huo una njia kadhaa. Mashine ya kupokea ujumbe ndiyo ya bei nafuu na, kwa maoni yangu, haithaminiwi inavyostahili: acha simu iite, mashine ipokee, nawe usikilize kwenye spika yake ni nani anayezungumza, kisha uinue mkono wa simu ukimtambua. Mitambo mingi hukata ikikutana na mashine, na muuzaji hana hamu ya kuacha ujumbe. Salamu utakayorekodi isitaje jina lako wala isiseme kwamba hakuna mtu nyumbani. Inatosha kumwomba mpigaji ataje jina lake na shida yake.

Njia ya pili ni kununua simu yenye kizuizi ndani yake, au kifaa kidogo kinachochomekwa kati ya tundu la ukutani na simu uliyonayo. Baadhi hubeba orodha ya namba zilizozuiwa, vingine hupitisha tu namba ulizoziidhinisha, na vilivyo bora humtaka mpigaji asiyejulikana ataje jina kwanza, ndipo simu ilie na wewe uamue kumpokea au kumkataa. Jambo linalowaponyoka wanunuzi ni kwamba vifaa hivi havioni namba ya mpigaji mpaka kampuni ya simu iwe imewasha huduma ya kuonyesha namba kwenye laini yako, na baadhi ya kampuni huitoza ada. Uliza hilo kabla ya kulipa dukani.

Kwa mzazi mzee anayeishi peke yake, ningechagua kile kinachomwuliza mpigaji jina kuliko kile kinachowakataa wote wasiojulikana au wanaoficha namba. Hospitali, zahanati na baadhi ya ofisi hupiga kwa namba zilizofichwa, na ukizifungia zote utakuja kugundua kwamba umekosa taarifa ya majibu ya vipimo.

Ikiwa simu yako ya mezani imechomekwa kwenye modemu ya intaneti, unaweza kuwa na njia nyingine zaidi. Huko kuna huduma zinazofanya simu yako ilie sehemu mbili kwa wakati mmoja: nyumbani kwako na kwenye kompyuta inayoilinganisha namba na orodha ya wasumbufu, ambayo huipokea haraka na kuikata. Utasikia mlio mmoja tu, kisha kimya. Wazo hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyoshinda shindano la serikali ya Marekani la kutafuta dawa ya simu za mitambo mwaka 2013. Tazama mipangilio ya akaunti yako kwanza, kwani kampuni nyingine hutoa kichujio bila malipo lakini hukiacha kimezimwa.

Wanabaki matapeli, na hapa kifaa hakitoshi kwa sababu mmoja wao atapenya siku moja. Atasema anatoka benki, polisi, kampuni ya kompyuta iliyogundua virusi kwenye mashine yako, au atalia akijifanya mjukuu aliyekamatwa. Kanuni ya kufuata ni kwamba anayepiga ndiye mwenye wajibu wa kujithibitisha, si anayepigiwa. Usitaje jina kamili, tarehe ya kuzaliwa wala namba ya siri iliyotumwa kwako. Sema, "Asante, nitapiga mwenyewe," kisha ukate na utafute namba ya benki nyuma ya kadi yako. Mtu aliyelelewa kwa adabu huona vigumu kumkatia mwenzake maneno, na tapeli analijua hilo, lakini hakuna anayekudai maelezo ya ziada. Anayekuhimiza ulipe kwa kadi za zawadi au ununue sarafu za kidijitali amekwisha kujitambulisha.

Simu za mezani zina hatari yake ya pekee katika hatua hiyo ya kupiga tena. Kwenye baadhi ya mitandao, aliyepigiwa akiweka simu chini laini haikatiki papo hapo. Hubaki wazi kwa muda mpaka mpigaji naye akate. Tapeli hutulia upande wa pili, hukuchezea mlio wa laini, nawe ukibonyeza namba ya benki unampata yeye au mwenzake akiitikia kwa sauti nyingine. Tumia simu nyingine, na kama huna, mpigie kwanza ndugu unayeitambua sauti yake. Hata sauti siku hizi inaigwa kwa akili unde, kiasi kwamba Februari 2024 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilitangaza kuwa simu zenye sauti kama hizo zinabanwa na sheria ya mwaka 1991 kuhusu sauti bandia, kwa hiyo kubalianeni ndani ya familia swali moja ambalo mgeni hawezi kulijibu.

Simu za vitisho au matusi usizichanganye na hizi za biashara. Andika tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, uwaarifu polisi, na uiombe kampuni ya simu ifuatilie chanzo, kwa kuwa inaweza kuona kwenye mitambo yake mambo yasiyoonekana kwenye kioo chako. Kama umekwisha kumpa mtu namba za kadi, benki ije kwanza, taarifa nyingine zifuate.

Kubadili namba ningekuweka mwisho kabisa. Mitambo hupiga namba kwa kufuatana bila kujali ni za nani, na namba "mpya" huenda ilikuwa ya mtu mwingine aliyeisambaza kila mahali. Ukiamua kubadili, omba tangu mwanzo isiingizwe kwenye kitabu cha simu, uulize imekaa muda gani bila mtumiaji, na uwape namba hiyo watu kabla hujaipa duka lolote.