Siku kumi juu ya farasi kuvuka jangwa la Namib: maandalizi, maji na ulinzi wa mgongo

Safari ndefu ya farasi inayotafutwa zaidi Namibia huanzia nyanda za juu za Khomas, magharibi ya Windhoek, na kuishia Swakopmund kwenye ufuko wa Atlantiki. Ni takriban kilomita 400. Wengi huzimaliza kwa siku tisa au kumi, wakilala kambini, huku lori likitangulia na maji, hei (majani makavu ya malisho) na mahema. Wageni huogopa jua, lakini kinachovunja safari nyingi ni mgongo: wa farasi kwanza, kisha wa aliyempanda. Farasi akichubuka siku ya pili, siku nane zilizobaki atazitembea bila tandiko, na wewe utazikaa ndani ya lori.

Wakati wa kwenda

Chagua kati ya Mei na Septemba. Mvua hunyesha zaidi kati ya Novemba na Aprili, na pamoja nazo huja vijidudu wadogo, jamii ya visubi, wanaoeneza ugonjwa wa virusi unaoua farasi haraka. Ugonjwa huo hauna tiba. Kuna chanjo, na kuna kuwafungia farasi zizini kabla ya magharibi. Ndiyo maana kampuni makini haiwalazi farasi wake nje msimu wa mvua.

Juni na Julai usiku huweza kufika nyuzi sifuri au chini yake huko juu, kwa hiyo beba mfuko wa kulalia unaohimili nyuzi 5 chini ya sifuri. Ukikaribia pwani hali hubadilika tena: mkondo baridi wa bahari uitwao Benguela huleta ukungu mzito asubuhi, na koti jepesi lisilopitisha maji utalihitaji jangwani, ingawa ukilipakia nyumbani utajiona mjinga. Miezi hiyohiyo upepo wa mashariki huweza kushuka kutoka bara ukiwa wa moto na umejaa mchanga. Ukivuma, funga kitambaa puani, vaa miwani yenye kamba, na msafara utembee taratibu, farasi wakifuatana karibu.

Anayetoka Afrika Mashariki asisahau cheti cha homa ya manjano. Namibia huwadai wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, zikiwemo Kenya na Uganda.

Jiandae miezi mitatu mapema

Siku ya kawaida ni kilomita 35 hadi 50, muda wa saa tano hadi saba juu ya tandiko. Farasi hutembea kilomita 6 kwa saa. Akienda telki, yaani mwendo wa mchakamchaka, hufika 12 hadi 15. Kwa hiyo sehemu kubwa ya njia hupitwa kwa telki, na telki ndiyo inayowamaliza wasiozoea, kwa sababu kila hatua hukurusha juu. Shoti, ambayo kila mtu huiota, ni rahisi zaidi kwa mwili.

Panda mara mbili au tatu kwa wiki kwa wiki 12. Viko vituo vya kupanda farasi Nairobi, Naivasha na Arusha. (Aliyezoea punda wa Lamu ana ujasiri, ila hana misuli inayotakiwa hapa.) Kipimo kizuri ni hiki: simama kwenye vikuku (vyuma vya kukanyagia vya tandiko), magoti yakiwa yamelegea, farasi akienda telki kwa dakika 10 bila wewe kushika singa (nywele za shingoni) wala kuvuta hatamu. Ukishindwa, hujawa tayari kwa siku ya tatu.

Uzito ni hesabu, si aibu. Farasi wa kilo 500 asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, yaani kilo 100 kwa jumla. Toa kilo 9 za tandiko na kilo 6 za mifuko na maji. Zinabaki 85 zako, nguo na kofia vikiwemo. Ukidanganya kwenye fomu, mgongo wa farasi utakuumbua.

Mavazi yana siri moja: mshono. Chupi yenye mshono wa ndani hukata ngozi ndani ya saa mbili. Vaa suruali ya kupandia inayobana, bila mshono wa paja, na buti fupi zenye kisigino cha sentimita 2 hivi ili mguu usipenye kikuku chote ukanasa. Jipake mafuta mazito mapajani kabla ya kupanda. Ukisubiri hadi uhisi moto, umechelewa. Kofia ngumu ya kupandia ivaliwe siku zote, na kitambaa chepesi kifunike shingo. Begi la mgongoni acha nyumbani: hudunda kwa kila hatua ya telki, likakuumiza wewe na kumchosha farasi. Maji lita 3 yagawe mifuko miwili ya tandiko, kushoto na kulia sawasawa. Chupa moja upande mmoja inatosha kuvuta tandiko pembeni siku nzima.

Kutandika na kukagua

Kila asubuhi pitisha kiganja kitupu mgongoni, kuanzia mabegani hadi kiunoni, kabla ya brashi. Unatafuta uvimbe, joto, au mahali ambapo farasi anadidimiza mgongo ukimbonyeza. Kisha piga brashi hadi mchanga wote utoke. Punje chache chini ya mkanda wa tumbo hufanya kazi ya msasa. Weka blanketi mbele kidogo ya mahali pake, ulivute nyuma ili manyoya yalale, halafu liinue katikati liingie kwenye uwazi wa tandiko lisibane uti wa mgongo.

Kaza mkanda kwa awamu tatu: kidogo unapotandika, zaidi kabla ya kupanda, na mara ya mwisho baada ya dakika 10 za kutembea, kwa kuwa farasi wengi hujaza tumbo pumzi wakati wa kutandikwa. Kabla ya kupanda, mvute kila mguu wa mbele kuelekea mbele ili ngozi iliyojikunja chini ya mkanda inyooke. Hatua hiyo huchukua nusu dakika, na wanaoiruka ndio wanaopata vidonda vya kwapani.

Jioni, tandiko likitoka, usikimbilie chai. Angalia jasho. Mgongo mzima uliolowa sawasawa, na mstari mkavu katikati juu ya uti, ni dalili njema. Doa kavu la ukubwa wa kiganja katikati ya sehemu iliyolowa maana yake ni kwamba pale tandiko limekandamiza hadi jasho limeshindwa kutoka. Mwite kiongozi wa msafara papo hapo, kabla maji hayajamwagwa mgongoni yakafuta ushahidi. Kesho yake blanketi litatobolewa au kukunjwa kuondoa mgandamizo, au farasi atabadilishwa.

Maji, chakula na mchanga wa tumboni

Karibu na Aus, kusini mwa Namibia, wapo farasi wa mwituni wa Garub, na watu huwatumia kama ushahidi kwamba farasi anaweza kuzoea jangwa. Farasi hao wanaishi kwa sababu kuna kisima kilichochimbwa kwa ajili ya injini za mvuke za reli. Bila kisima, hakuna farasi.

Farasi anayefanya kazi kwenye joto hunywa lita 40 hadi 60 kwa siku. Msafara wa farasi 12 unahitaji karibu lita 700 kila siku, bila kuhesabu za watu. Muulize mwenye safari moja kwa moja: tanki ni la lita ngapi, linajazwa wapi, na lori likikwama kuna mpango gani? Jibu la kuzungukazunguka ni jibu tosha.

Hei ni kilo 9 hadi 11 kwa kila farasi, na nafaka kilo 3 au 4 zikigawanywa mara mbili au tatu. Ongeza gramu 30 hadi 60 za chumvi. Chakula kisimwagwe chini kamwe: kiwekwe kwenye turubai, wavu au ndoo. Mchanga unaolambwa pamoja na hei hutuama utumbo mkubwa na kuleta msokoto wa tumbo, ambao huweza kuua. Namna ya kupima ni rahisi: tia vinyesi vinne au vitano kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, ongeza maji, tikisa, uning'inize robo saa. Mchanga utajikusanya kwenye ncha ya chini. Punje chache si tatizo. Zikijaa kijiko, farasi huyo apunguziwe kazi na kiongozi ajulishwe.

Ufizi nao husema. Bonyeza kwa kidole gumba hadi uwe mweupe, uachie. Wekundu urudi ndani ya sekunde 2. Mapigo ya moyo yashuke chini ya 64 kwa dakika robo saa baada ya kusimama. Yasiposhuka, siku ya farasi huyo imekwisha.

Njiani

Shoti ipigwe nyuma ya kiongozi tu. Nyanda za juu zina mashimo ya mhanga, na mguu ukiingia humo kwa kasi huvunjika. Mteremko mkali wa mchanga au korongo la mto Swakop shuka kwa mstari ulionyooka. Farasi akishuka kiubavu, miguu ya nyuma humponyoka akalala ubavu pamoja nawe. Kwenye tambarare za changarawe fuata njia zilizopo. Ukoga mkavu unaofunika mawe pale hukua polepole mno, na alama ya kwato hubaki miaka mingi. Welwitschia, mmea wa jangwani, usiikaribie kabisa: mizizi yake imetandaa karibu na uso wa ardhi kuizunguka, na mingine ya mimea hiyo ina zaidi ya miaka 1,000.

Siku ya mwisho wanyweshe farasi maji yasiyo na chumvi kabla ya kufika pwani, wasije wakajaribu ya bahari. Wengine hawajaona mawimbi. Mtangulize mzoefu, yakaribieni mshazari, kwa mwendo wa kutembea. Baada ya hapo osha kwa maji yasiyo na chumvi miguu, tumbo na mkanda wenyewe, kwa maana chumvi ikikaukia chini ya mkanda itachubua ngozi iliyosalimika kilomita zote 400.