Priseti ya udongo mwekundu: ninavyotengeneza zangu na kuzigawa

Shangazi yangu wa Hombolo aliishika picha kwa ncha za vidole, akaisogeza dirishani, akaitazama mara mbili. "Mwanangu, mbona umenipaka unga?"

Ilikuwa picha ya sendofu ya binti yake. Nilikuwa nimeipitisha kwenye priseti, yaani mpangilio wa kuhariri picha uliohifadhiwa tayari, niliyonunua mtandaoni kwa mtu wa huko nje, pakiti nzima yenye majina matamu matamu. Sote tulitoka na nyuso za majivu, halafu barabara ya vumbi nyuma ya turubai ikawa inawaka kama kaa. Sikuwa na la kujibu. Nikasema printa mbovu.

Tangu siku hiyo natengeneza za kwangu. Mimi si mpigapicha wa kazi, ni mtunza stoo huku Ihumwa, Dodoma, na kamera naishika wikiendi: Canon 1300D ya mtumba, lenzi ya milimita 50, na simu yenye Lightroom, programu ya kuhariri picha. Kutengeneza na kuhifadhi priseti zako mwenyewe kwenye Lightroom ya simu ni bure. Kuhariri faili ghafi za RAW kwenye simu ndiko kunakodai malipo, kwa hiyo kama hulipii, piga JPEG na uendelee, hujapoteza kitu kikubwa.

Kwanza uelewe kitu kimoja, maana bila hicho utazunguka tu. Priseti si rangi inayopakwa juu ya picha. Ni orodha ya namba: punguza sehemu zinazong'aa kiasi hiki, inua vivuli kiasi hiki, chungwa lishuke hivi. Namba hizo hazijui kama zimekutana na theluji au na mbuyu. Zinafanya zilichoambiwa na aliyeziandika, na aliyeziandika alikuwa anatazama picha zake.

Sasa tazama picha zetu. Chukua yoyote uliyopiga kiangazi, mtu amesimama barabarani Veyula au Nala. Fungua sehemu ya kuchanganya rangi, chagua chungwa, kisha shusha mwangaza wake (Luminance) hadi mwisho kabisa, hasi 100. Usiogope, utarudisha. Utaona uso umekuwa mweusi tii, na barabara nayo imezama pamoja na uso. Rudisha, halafu fanya hivyo hivyo kwa nyekundu: safari hii zitashuka midomo, kanga, na matofali kidogo. Ngozi yetu na udongo wetu, kwa programu, ni rangi moja. Vyote vinakaa kwenye chungwa.

Yule muuza priseti alikuwa ameinua mwangaza wa chungwa ili ngozi za wateja wake zing'ae. Kwake hilo linafanya kazi, kwa sababu nyuma ya mtu kuna majani au ukuta mweupe. Kwetu linampauza shangazi na kuwasha barabara kwa mpigo mmoja.

Huwezi kuvitenganisha viwili hivi kwa rangi peke yake, na nimepoteza Jumapili nyingi nikijaribu. Siku hizi naamua mapema: namtazama mtu, udongo utafuata. Chungwa nalishusha mwangaza kidogo, hasi 6 hadi hasi 10, na ukolezi (Saturation) hasi 5. Aina ya rangi (Hue) siigusi. Ukiisogeza kulia tu kidogo, udongo wa Hombolo unageuka mchanga wa pwani, na mtu wa Dodoma atakushtukia hapo hapo.

Njano ni ya nyasi kavu. Kuanzia Juni mpaka Novemba hapa kila kitu ni njano, na simu nyingi huizidisha, kwa hiyo naipunguza ukolezi kama 15. Kijani naigusa wakati wa mvua tu na kwenye mashamba ya zabibu. Bluu ya anga iache, au ishushe kidogo sana, la sivyo ukingo wa mlima unaota mstari mweupe na anga linajaa chembechembe. Ile ya kuondoa ukungu (Dehaze) inafaa siku za vumbi, lakini ikipita 10 nyuso zinakuwa kama zimepakwa mafuta ya taa.

Kuhusu mwanga wenyewe. Tupo nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta. Saa sita mchana jua linasimama utosini, macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili. Hakuna priseti ya kutibu hilo. Usiitengeneze kutoka kwenye picha ya saa sita, maana itabidi uinue vivuli mno, na namba hizo zitaharibu picha zako zote za jioni. Mimi hutengenezea kwenye picha za kuanzia saa kumi na moja jioni, kabla jua halijagusa vilima, kisha najaribu kwenye za mchana nione zinavunjikia wapi.

Kabla ya kugusa rangi, weka picha sawa: mwanga wa jumla na joto la rangi. Hivi viwili ni vya picha, si vya priseti. Kila picha ina vyake. Ukimaliza ndiyo unakuja kwenye priseti: sehemu zinazong'aa hasi 35 hivi, vivuli jumlisha 15, kontrasti kidogo, kisha chungwa na wenzake kama nilivyosema. Usizidi hapo. Priseti yenye mambo ishirini hutoka nzuri kwenye picha moja tu, ile uliyoitengenezea.

Ijaribu kwenye picha kumi tofauti kabla hujaipa jina. Zangu ni hizi: mzee mwenye kofia, mtoto mweupe kidogo, mtoto mweusi sana, shamba la zabibu la Makutupora mwezi wa Agosti, ndani ya nyumba yenye taa ya njano, Soko la Majengo chini ya turubai la bluu (hilo la turubai la bluu litakuumiza kichwa, nakuambia mapema), na kadhalika. Ikishindwa kwenye mbili, sawa. Ikishindwa kwenye tano, rudi ukapunguze.

Kuhifadhi: bonyeza vidoti vitatu juu, chagua "Create Preset". Utaletewa makundi yenye tiki. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Fungua kundi la mwanga, utoe tiki kwenye mwangaza wa jumla. Fungua la rangi, utoe tiki kwenye joto la rangi. Usidhani ukiviacha kwenye sifuri havitafanya kitu. Sifuri yenye tiki ni amri: itafuta marekebisho ambayo mwenzako alishayafanya hapo. Ukitoa tiki, priseti yako inakaa juu ya kazi yake bila kuivuruga.

Joto la rangi lina balaa lake la ziada. Kwenye RAW linaandikwa kwa Kelvin, mfano 5200. Kwenye JPEG ni namba ya kupanda na kushuka kutoka sifuri. Iliyotengenezwa kwa moja haielewani na nyingine. Vilevile ukitumia wasifu wa rangi (Profile) wa Canon, mwenye Sony au simu hatakuwa nao. Kwenye RAW tumia ule wa kawaida wa Adobe Color.

Majina nayapa kwa wakati na mahali: "Kiangazi jioni", "Zabibu", "Ndani taa ya njano". Nina rafiki aliyeziita zake namba 1 hadi 40, na sasa hajui ipi ni ipi.

Tukija kwenye kugawa. Mara ya kwanza niliituma kwenye grupu letu la WhatsApp, nikapokea pongezi nyingi sana. Watu walikuwa wanamsifia mbuzi. Nilikuwa nimetuma kama picha, WhatsApp ikaibana ikawa JPEG, namba zote zikapotea njiani, kilichofika ni mbuzi wangu wa Msalato amesimama juu ya jiwe.

Njia ya simu kwa simu ni hii. Weka priseti kwenye picha, nenda kwenye kushiriki, chagua "Export as", aina ya faili uweke DNG, ambalo hubeba picha pamoja na namba za priseti. Faili hilo litume WhatsApp kama hati, si kama picha, au liweke Google Drive utume kiungo. Mwenzako analifungua kwenye Lightroom yake, anabonyeza vidoti vitatu, anatengeneza priseti kutoka hapo, naye anatoa tiki zile zile. Faili moja la RAW ya kamera yangu linapita megabaiti 20, kwa hiyo kama unawajali watu wa bando, tumia picha ndogo ya simu.

Jambo ambalo sikulijua: DNG inabeba picha yenyewe, nzima, pamoja na taarifa za mahali kama simu yako iliziandika. Anayepokea akirudisha vistari vyote sifuri anaiona ilivyokuwa mwanzo. Usimgawe mtoto wa mtu namna hiyo. Mimi natumia picha ya ukuta wa udongo na kipande cha anga. Inatosha.

Wenye kompyuta wana raha zaidi: priseti ni faili la XMP, kilobaiti chache tu, na toka 2018 ndilo linalotumika badala ya lile la zamani. Kwa wasiotaka Lightroom, kwenye Snapseed ninayotumia mimi unaweza kugeuza hatua zako kuwa msimbo wa QR. Kijana mmoja wa studio ya pasipoti pale Majengo ameuchapisha wangu na kuubandika ukutani.

Kila ninapotuma, naandika mistari mitatu chini yake: imetengenezwa kwa RAW au JPEG, saa ngapi, na kwa ngozi ya nani ilijaribiwa. Huo mstari wa mwisho watu waliucheka mwanzoni. Mwezi mmoja baadaye mwalimu mmoja wa Bahi akanirudishia "Kiangazi jioni" aliyoibadilisha kijani na njano kwa ajili ya majaruba ya mpunga, naye akaandika mistari yake mitatu. Ndiyo ninayotumia sasa nikienda huko.