Somo: Namna ya Kuchunguza Picha ya Vita Kabla ya Kuisambaza

Ndugu wa Goma, tangu waasi wa M23 waingie mjini mwetu mwishoni mwa Januari 2025, picha za mapigano hutufikia kwa WhatsApp kabla ya habari yenyewe, na baadhi yake hazikupigwa na mtu yeyote, bali zimetengenezwa na akili bandia. Familia huweza kukimbia usiku kwa sababu ya picha moja tu, kwa hiyo ninawaomba mfuate hatua hizi kwa uangalifu.

Hatua ya kwanza ni kuchunguza mahali. Wengi wamezoea kuhesabu vidole, ingawa programu za sasa huchora mikono vizuri. Mji tunaoujua sisi wenyewe huzishinda zaidi. Ikidaiwa kuwa ni mtaa wetu wa Birere, tafuta mawe meusi ya volkeno na chukudu, yaani baiskeli za mbao za kubebea mizigo, kisha ukumbuke kwamba volkeno ya Nyiragongo iko kaskazini na Ziwa Kivu liko kusini, hivyo picha inayodaiwa kupigwa mjini ikionyesha Nyiragongo ng'ambo ya ziwa, itilie shaka.

Hatua ya pili, soma vibao vya maduka, nambari za magari na bendera, kwa maana herufi zisizosomeka ni dalili mbaya.

Hatua ya tatu, itafute picha mtandaoni kwa Google Lens au TinEye, zana zinazotafuta mahali picha ilipowahi kuwekwa, uone ilianza kuonekana lini.

Hatua ya nne, tafuta pembe nyingine. Tarehe 22 Mei 2023 ilisambaa picha bandia ya mlipuko karibu na Pentagon, makao makuu ya wizara ya ulinzi ya Marekani, hata soko la hisa la Marekani likayumba kwa muda mfupi, ilhali hapakuwa na picha ya pili ya tukio hilo mahali penye watu wengi kiasi kile.

Swali (dada wa Bukavu): Mwalimu, picha isiyo na kasoro ni ya kweli?

Jibu: Dada, inaweza kuwa ya kweli na maelezo yake yakawa ya uongo. Tarehe 21 Mei 2025 Rais Trump alimwonyesha Rais Ramaphosa picha ya mifuko ya maiti, akidai ni wakulima weupe wa Afrika Kusini. Ilitoka katika video ya Reuters iliyopigwa hapa Goma. Wafu wale walikuwa wetu.

Swali (kaka wa Katindo): Je, nikiiuliza programu ya akili bandia?

Jibu: Usiitegemee peke yake. SynthID ya Google, kwa mfano, hutambua alama iliyowekwa na programu zinazoitumia, wala haiwezi kuzisemea nyingine.

Swali (mama wa Majengo): Nikibaki na shaka?

Jibu: Mama, usiisambaze, lakini pia usitangaze kwamba ni bandia, kwa kuwa aliyefiwa kweli ataumia mara ya pili akiambiwa maiti ya mwanawe imechorwa. Mwulize aliyekutumia ameipata kwa nani, na uiulizie pia kwa Congo Check, wahakiki wa habari wa Kongo.