Saa tatu za Darajani kwa baharia wa meli ya watalii

Mimi ni mtu wa Likoni, Mombasa, nahudumu vyumba kwenye meli ya watalii. Katika mkataba wa miezi minane, siku ninayoingoja kuliko zote ni ile tunayofunga gati Malindi, Unguja. Nakaa miezi nikiongea lugha za watu, halafu nashuka ngazi nasalimiwa kwa yangu. Ila muda wenyewe ni saa tatu kati ya zamu na zamu, na nimeona wenzangu wakizimaliza wakitafuta intaneti. Sikilizeni ninavyozitumia mimi sokoni Darajani.

Kabla ya kushuka, soma ubao wa saa za kurudi ulio mlangoni. Wafanyakazi hurudi mapema kuliko abiria. Vaa saa ya mkononi, uiache kwenye saa ya meli, usiiamini simu. Tukitoka Shelisheli na meli haijarudisha saa nyuma, Unguja inakuwa nyuma kwa saa nzima, na simu ikinasa mtandao wa nchi kavu hujibadilisha yenyewe. Mwenzangu mmoja alifika ngazi inataka kupandishwa, anatweta, na mzigo wote kauacha njiani.

Teksi ya nini? Kutoka bandarini shika barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wengi bado huiita Creek Road. Kwa mguu ni kama robo saa. Utaliona jengo la zamani la soko, la 1904, lenye paa la vigae vyekundu. Vaa nguo ya heshima. Dola zako ziwe noti mpya mpya, maana za kabla ya 2006 mara nyingi hukataliwa, na uzibadilishe kwanza kwenye duka la fedha ili ununue kwa shilingi.

Ukifika kwa muuzaji, usianze na bei. Kuna mama mmoja wa viungo nilimwamkia shikamoo, nikamuuliza za asubuhi. Akanitazama. "Marahaba, mwanangu. Wewe mtu wa Mombasa wewe." Akaziacha paketi zilizopangwa kwa ajili ya watalii, akachota karafuu kwenye gunia lililokuwa nyuma yake.

Karafuu nzuri ina kichwa chake. Ibonyeze shina kwa ukucha: mafuta yatoke, na harufu ibaki kidoleni. Ikikatika kavu, mrudishie mwenyewe kwa adabu. Iliki iwe ya kijani na maganda yamefunga. Vanila ijikunje bila kuvunjika. Ile wanayoiita zafarani, ya bei poa, achana nayo, mara nyingi si zafarani.

Sasa sikiliza hili, ndilo linalowaumiza wengi. Mlangoni mwa meli kila mfuko unapita kwenye mashine, na matunda, nyama, samaki na vyakula vibichi haviingii. Mkataba wangu wa kwanza nilibeba maembe sita, nikasimama pale nayaona yakitiwa kwenye pipa moja baada ya jingine. Tangu siku hiyo kisichopita mlangoni nakila huko huko. Msimu wa shokishoki nanunua fungu, namenya nikitembea. Doriani nakula kwa kusimama, kisha naosha mikono kwa ndimu, maana harufu ile haisamehe. Kukiwa na nafasi, bakuli la urojo lenye bajia na kachori. Ramadhani mchana usile hadharani, hata kama hufungi. Viungo vikavu vilivyofungwa kwangu vimepita kila mara, lakini muulize mlinzi asubuhi, hasa kama meli inaelekea nchi yenye karantini kali.

Nusu saa ya mwisho naiweka kwa mtaa wa Mchangani, kwenye maduka ya kanga. Sisi Mombasa tunaita leso. Usinunue kwa rangi peke yake. Mwambie aikunjue, usome jina. Mara ya mwisho nilimchukulia mama doti yenye "Nani kama mama", nikaikunja chini kabisa ya begi, na haitatoka humo mpaka nitakaposhuka Mombasa mwenyewe.

Karafuu zifunge mifuko miwili, kisha uzitie kwenye kopo la mfuniko. Chumba chetu hakina dirisha, na mwenzako amelala kitanda cha juu yako.