Maandishi yasifunike mkono wa mpishi

Nafundisha wapishi wapya katika jiko la hoteli moja hapa Malindi, na video za mafunzo narekodi kwa simu yangu. Ya kwanza ilikuwa ya kuparua samaki aina ya changu na kutoa mnofu. Niliijaza maandishi toka mwanzo hadi mwisho. Mama mmoja, mkongwe wa jikoni, akaitazama kisha akanirudishia simu: "Mwanangu, mkono u wapi? Mimi naona maneno tu." Kweli, pale kisu kinapopita karibu na kidole gumba ndipo nilipoweka sentensi ndefu kuliko zote.

Siku hizi naamua maandishi yatakaa wapi kabla sijarekodi. Ubao wa kukatia nauweka juu kidogo ndani ya picha, chini nabakisha nafasi tupu. Herufi ziwe nyeupe juu ya utepe mweusi, maana watu huzitazama video wakiwa nje wakati wa mapumziko, na jua letu hili halina huruma na kioo cha simu.

Mistari isizidi miwili, kila mmoja herufi kama 40. Kiswahili kina maneno marefu, kwa hiyo kata mstari panapokatika maana. Ukiandika "Osha kisu cha" juu na "samaki" chini, msomaji anakwama njiani. Andika "Osha kisu" kisha "cha samaki". Halafu soma kwa sauti, bila haraka, mara mbili. Maandishi yakitoweka kabla hujamaliza, yaongezee muda.

Michoro nayo ina kazi yake. Mshale mmoja unaoonyesha kisu kianzie wapi unatosha, na ukishaonekana uondoe. Kwetu ubao wa buluu ni wa samaki mbichi, mwekundu wa nyama mbichi, kijani wa saladi na matunda. Usitegemee rangi peke yake: wapo watu wasiotofautisha nyekundu na kijani, basi andika SAMAKI, NYAMA, SALADI juu ya kila ubao. Nambari nazo ziandike kubwa, kwa mfano friji "5°C au chini". Saa ndiyo yenye mtego. Ratiba ya zamu ukutani inasema 09:00, sisi tunasema saa 3 asubuhi. Weka zote mbili, mtu asichelewe zamu kwa sababu yako.

Kijana wetu wa kuosha vyombo ni kiziwi, na yeye ndiye aliyenifunza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Kwenye video ya friji nilinukuu kila nilichosema, lakini kengele ya mlango uliosahauliwa wazi sikuiandika. Aliona mtu anageuka ghafla na kukimbilia friji, asijue kwa nini. Sasa naandika: [kengele ya friji inalia]. Kwa ajili yake natengeneza nakala yenye manukuu kamili, yaani maandishi ya kila kinachosemwa na kila mlio. Wengine wanapata ile yenye maneno machache, kwa sababu anayesikia maelezo huku akiyasoma neno kwa neno huacha kuangalia kisu.

Manukuu yanayotengenezwa na programu yenyewe yapitie neno kwa neno, hukosea sana Kiswahili chetu. Na kama video itatumwa kwa WhatsApp, yabandike ndani ya picha kabisa, yasiwe faili la pembeni.

Mwisho nampa simu mtu ambaye hajawahi kufanya kazi hiyo, sauti nimeizima, samaki yuko mbele yake. Simwambii kitu. Akirudisha video nyuma mara mbili mahali pamoja, hapo ndipo ninapokwenda kupunguza maneno.