Lugha imepotea baada ya kuapdeti Linux? Usipige Windows kwanza

Kijana mwenye steshenari pale Nyegezi alipandisha Ubuntu kutoka 22.04 kwenda 24.04. Kompyuta ikaamka na Kiingereza kitupu, na faili lake la ng’ombe-Magu.ods kwenye terminali likawa hivi:

'ng'$'\342\200\231''ombe-Magu.ods'

Mafundi wa mjini wakamshauri apige Windows. Faili halijaharibika. Mfumo umerudi kwenye C, yaani mpangilio wa lugha wa msingi unaojua herufi za kawaida za Kiingereza tu, na C haiijui ile koma ya juu iliyopinda. Njia hii ni ya Debian, Ubuntu na Mint.

1. Andika `locale -a`. Kama sw_TZ (Kiswahili cha Tanzania) ipo, ruka hadi ya 3.

2. `sudo nano /etc/locale.gen`. Usitafute sw_TZ.UTF-8, hutaipata, mstari wetu ni `sw_TZ UTF-8`, wenye nafasi badala ya nukta. Futa alama ya reli (#) iliyo mwanzoni, hifadhi, kisha `sudo locale-gen`.

3. `sudo update-locale LANG=sw_TZ LANGUAGE=sw:en`. Ile `:en` iache, maana programu nyingi hazijatafsiriwa kwa Kiswahili na lazima ziwe na pa kuangukia. Toka, ingia tena.

4. Bado? Hapa ndipo watu wanapolala njaa. Andika `locale` na utazame alama za nukuu. Thamani iliyo ndani ya nukuu imerithiwa; isiyo na nukuu kuna mahali imewekwa moja kwa moja. Ukikuta `LC_ALL=C` imekaa bila nukuu, mchawi ndiye huyo: LC_ALL huzifunika LC_ nyingine zote na LANG pia, kwa hiyo hata urudie hatua ya 3 mpaka kesho, hakitabadilika kitu. Msake:

`grep -nE 'LC_|LANG' ~/.bashrc ~/.profile /etc/environment /etc/default/locale`

Mara nyingi yumo kwenye .bashrc, amebandikwa na mtu aliyekuwa anazima malalamiko ya perl, lugha ya programu inayolalamika lugha ya mfumo ikikosekana. Futa mstari mzima. Wako wanaoandika LC_ALL=sw_TZ na kusema wametibu; mimi siikubali dawa hiyo. LC_ALL ni ya kujaribia amri moja, si ya kuachwa kwenye faili.

Na kama unaitengeneza mashine ukiwa mbali kwa ssh (njia ya kuingia kompyuta nyingine kupitia mtandao), usiamini unachokiona. Kwenye Debian na Ubuntu, ssh hubeba LANG na LC_ za laptopu yako na kuzipeleka kule, hivyo unaweza kuhangaika na kosa lililotoka kwako mwenyewe. Mwambie aliyepo pale aandike `locale` kwenye kioo chake akusomee.

5. Jaribu `date`. Jumatatu ikiandikwa J3, mambo safi.

Kukagua tahajia ni jambo jingine: `sudo apt install hunspell-sw`, kisha ufunge LibreOffice na kuifungua upya.